Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuunda Mhusika Mwovu katika Gemu za Njozi

Maswali haya yametoka katika chumba cha chini cha nyumba yetu mtaani Langoni, Lamu, ambamo kwa miaka kadhaa sasa, baada ya sala ya Isha, watu wanne au watano hukaa mbele ya skrini moja na kushika padi ya kuchezea kwa zamu. Nimeyajibu kwa maandishi kwa sababu kila anayeingia kwa mara ya kwanza huyauliza yaleyale, na kwa sababu naamini kwamba kumcheza mtu mwovu vizuri kunahitaji fikira zaidi kuliko kumcheza shujaa. Mifano mingi inatoka katika Baldur's Gate 3, iliyotengenezwa na Larian Studios ya Ubelgiji na kutolewa Agosti 2023, na katika Skyrim ya Bethesda ya mwaka 2011, kwa kuwa hizo ndizo tulizozimaliza zaidi ya mara moja. Asiyependa kujua mambo kabla hajayafikia mwenyewe asisome mbele, maana majibu yanafichua mengi.

Mhusika mwovu ni nani hasa?

Ni mtu anayetaka kitu, na ambaye yuko radhi gharama yake ilipwe na wengine. Hiyo ndiyo maana ninayoitumia, na majibu yote yaliyobaki yameegemea hapo. Mtu anayechoma kijiji bila kutaka chochote kilichomo kijijini hajawa mhusika bado. Ni mchezaji aliyechoshwa na gemu, na aghalabu baada ya saa moja huzima mashine akaenda zake.

Sisi watu wa pwani tuna mfano unaoshinda mingi iliyomo ndani ya gemu. Katika kisa cha Fumo Liyongo, mfalme wa Pate alishindwa kumwua kwa silaha, akashindwa kumwua kwa hila, mpaka alipomwita mwana wa Liyongo mwenyewe, ingawa wengine husimulia kwamba alikuwa mpwawe, akamwahidi kumwoza binti yake. Kijana alikwenda kwa babake, akakaa naye, akamwuliza kwa upole ni kitu gani kinachoweza kumdhuru, naye akaambiwa ukweli: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Akangoja mpaka babake alipolala. Liyongo aliamka na jeraha lake, akachukua upinde, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafa pale akiwa ameuelekeza mshale mbele, na watu wa mji wakakaa bila kuteka maji kwa kudhani kwamba yu hai. Kijana hakukipata alichoahidiwa.

Mtazame kijana yule kama vile unamuunda wewe. Haja yake ni mke na cheo, jambo ambalo kila mtu analielewa. Silaha yake ni kule kuaminiwa kwake, wala si nguvu za mwili. Ana subira ya kungoja usiku ufike. Uovu wake unatuumiza hadi leo kwa sababu anamjua anayemwua na amekula naye. Basi kabla hujachagua hata rangi ya nywele, andika kwenye karatasi mambo matatu: mhusika wako anataka nini, nani anamwamini, na ni jambo gani ambalo hata yeye hatalifanya kamwe. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalompa uhai. Mhusika niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, mwimbaji wa kike katika Baldur's Gate 3, aliwauza watu, aliwasingizia wenzake na kuiba kila kisichofungwa kwa kufuli, lakini bei akishaitaja hakuibadilisha. Kwa sababu ya mpaka huo mmoja, kila mara alipofika penye mapatano, waliokaa nyuma yangu chumbani walijua atafanya nini, na walisubiri kwa hamu kuona ataponea wapi.

Kwa nini kila nikianza na mwovu, baada ya muda mfupi narudi kutenda wema?

Si wewe peke yako. Mwaka 2020 mmoja wa watu waliofanya kazi katika kampuni ya BioWare alieleza kwamba takriban asilimia 92 ya wachezaji wa gemu yao ya Mass Effect walifuata njia ya wema, ingawa watengenezaji walijitahidi sana kuiandika njia ile nyingine. Sababu ya kwanza ni kwamba watu wa ndani ya gemu wana nyuso na sauti, nao hutuomba msaada, na mtu aliyelelewa kuitikia hodi hawezi kuisikia ikibishwa akanyamaza kwa urahisi.

Sababu ya pili inatokana na gemu zenyewe. Mara nyingi jibu la uovu linalotolewa ni kukataa kazi au kumtukana aliyekuja kuiomba, na ukilichagua unakosa kazi, unakosa malipo, na unakosa hadithi. Huo si uovu, ni utovu wa adabu unaojikosesha riziki. Dawa yake ni kuikubali kazi kwa sababu yako mwenyewe. Mkulima akikuomba umtafutie mwanawe, nenda ukamtafute, kwa kuwa mkulima huyo atakuwa na deni kwako, na wewe ndiye utakayeamua lini linadaiwa. Ukicheza namna hii utagundua kwamba nusu ya majibu ya wema katika gemu yanaweza kutamkwa na mtu mwovu bila kubadilishwa neno.

Nichague uovu wa aina gani?

Gemu nyingi za njozi zimerithi mpango wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Mchezo huo ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na pande tatu tu, yaani utaratibu, fujo, na kati yao. Mgawanyo wa mielekeo tisa, unaochanganya utaratibu na fujo kwa upande mmoja, wema na uovu kwa upande mwingine, ulikamilika katika vitabu vya mwishoni mwa miaka ya 1970. Kutokana na mpango huo tunapata waovu watatu: anayetumia sheria kuwakandamiza wengine, anayejijali nafsi yake tu, na anayependa maangamizi.

Kwa gemu ya saa mia moja, nakushauri uchukue wa kwanza au wa pili. Mpenda maangamizi hukosa cha kufanya upesi, kwa sababu kila alipopita pamekuwa jangwa, ilhali mtu wa sheria anaweza kukaa na hakimu, na kuhani, na mfanyabiashara, akawatumia wote. Baldur's Gate 3 haimwandikii mhusika wako mwelekeo wowote, kwa hiyo hakuna kitakachokukumbusha ulichokusudia isipokuwa ile karatasi yako.

Ni fani na sifa zipi zinazomfaa?

Katika Baldur's Gate 3, jibu langu la kwanza siku zote ni haiba. Unapounda mhusika hupewa pointi 27 za kugawa katika sifa sita, na kwa zile nyongeza za mbili na moja sifa yoyote inaweza kuanzia 17. Haiba ndiyo inayoendesha kudanganya, kushawishi na kutisha, na hayo matatu ndiyo maisha ya mtu asiyetaka kushika upanga kila saa. Fani zinazoitegemea ni mwimbaji, mtu aliyefunga mkataba na nguvu za giza, mwenye uchawi wa kuzaliwa nao, na shujaa wa kiapo. Kila unapodanganya, gemu hurusha dadu lenye pande 20: likitua kwenye 1 umeshindwa hata kama ulimi wako ni asali, na likitua kwenye 20 umefaulu hata kama uwongo wako ni wa mtoto. Kuhani uliyenaye akikuombea uongozi kabla ya dadu kurushwa, unapata nyongeza ya 1 hadi 4, hata kama unachoombewa ni uwongo. Sisi chumbani humsikitikia kuhani huyo kila mara.

Shujaa wa kiapo anastahili neno zaidi. Ukimchagua na kisha ukatenda kinyume cha kiapo chake, usiku huo hutokea askari wa kivita kambini na kukupa njia ya waliovunja viapo. Kwa maoni yangu hakuna mwanzo mzuri kuliko huu kwa anayetaka mwovu mwenye historia, kwa sababu mchezaji mwenyewe anakuwa ameiona siku ya kuanguka kwake.

Kuhusu mchawi, lugha yetu inatutega kidogo. Kwetu sisi neno lenyewe limekwisha kumhukumu mtu, lakini katika gemu hizi uchawi ni elimu kama zilivyo elimu ya nyota na ya dawa, na mwenye nayo anaweza kuwa mwema kabisa. Ukitaka awe mwovu huna budi kumpa kusudi la uovu mwenyewe. Elimu ya maiti ndiyo inayopendwa, na Baldur's Gate 3 imeitendea haki. Ukipata uwezo wa kuzungumza na wafu unaruhusiwa maswali matano kwa kila maiti, lakini maiti uliyemwua wewe hakubali kukujibu. Ukijibadilisha sura, atakujibu. Kuna kijana wetu, fundi wa kuchonga milango, aliyegundua hilo peke yake. Alikaa kimya, akamvalisha mhusika wake sura ya mbilikimo, akarudi kwa maiti yuleyule, na alipomsikia anajibu alisimama kwenye jamvi kwa mshangao. Uovu wa namna hiyo, wa kumwendea uliyemwua kwa uso mwingine ili umpeleleze, haukuandikwa popote kama kazi ya gemu. Mchezaji ndiye aliyeuunda.

Katika Skyrim mambo ni mepesi zaidi. Mjanja wa kunyata mwenye upinde au jambia atakufikisha kila mahali.

Je, inanipasa kuua kila mtu ninayekutana naye?

La. Fundi yuleyule wa milango, wiki yake ya kwanza na Skyrim, alimwua mwenye duka wa mji wa Whiterun mchana, mbele ya watu, kwa sababu aliiona pochi yake imenona. Alipata sarafu zake. Kisha akakimbia na mzigo wa ngao na ngozi ambao hakuwa na wa kumwuzia, mguu wake ukawa mzito hata hawezi kukimbia, na askari wakamkuta darajani akitupa ngao moja baada ya nyingine mtoni. Katika gemu hiyo kosa la kuua linakuwekea deni la sarafu 1,000 katika jimbo husika, na kumshambulia mtu ni 40. Ukienda jela, unapoteza sehemu ya maendeleo ya ujuzi uliokuwa ukijifunza. Deni hilo huandikwa pale tu penye shahidi, na shahidi wa mwisho akifa hufutika. Jambo hilo kwa fundi wetu lilikuwa somo la pili, nalo lilimgharimu zaidi ya lile la kwanza.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mwovu anayekusudia kufika mbali humwacha mwenye duka hai, humwibia mara moja kwa mwezi, na humsalimia. Zaidi ya hayo, gemu yenyewe inawalinda watu fulani wasife, wakiwemo watoto wote, kwa hiyo anayepanga kuumaliza mji atabaki na mji wenye watu wanaoinuka tena wakimtazama.

Nimefika kwenye msitu wa wadruidi katika Baldur's Gate 3. Niungane na magoblini au la?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu, kwa sababu uamuzi huu mmoja hubadilisha nusu ya gemu.

Hali ni hii: ndani ya msitu huo wa wadruidi, yaani makuhani wa maumbile, uitwao Emerald Grove, wamejificha wakimbizi wenye pembe, watiflingi waliotoka Elturel, na nje kuna jeshi la magoblini, viumbe vidogo vya kivita, linalowatafuta. Miongoni mwa viongozi watatu wa jeshi hilo yumo Minthara, mwanamke wa jamii ya drow. Ukimwambia msitu uko wapi, atakuja, na wewe utapigana upande wake. Usiku wake kutakuwa na karamu ya magoblini badala ya karamu ya wakimbizi.

Unachokipoteza ni kingi. Wyll na Karlach, wenzi wawili wa safari, hawatabaki nawe. Halsin, mkuu wa wadruidi ambaye angeweza kuwa mwenzi wako, hutampata. Mhunzi Dammon, ambaye wachezaji wengine humkuta tena baadaye akiwa na silaha nzuri za kuuza, amekufa, na pamoja naye watu wengi ambao kazi zao zingekupa mambo ya kufanya katika sura ya pili na ya tatu. Unachokipata ni Minthara mwenyewe, na hata yeye hutamchukua mara moja. Utamkuta sura ya pili katika minara ya Moonrise, akihukumiwa na mabwana zake, na itakubidi umwokoe.

Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe: Minthara kwa bei ya msitu mzima. Toleo la marekebisho la 5, la mwishoni mwa Novemba 2023, liliongeza njia nyingine. Ukipigana na Minthara ukamwangusha bila kumwua, kwa kuwasha mapema uchaguzi wa kupiga bila kuua na kumalizia kwa silaha ya mkononi, utamkuta Moonrise vilevile, na msitu utakuwa salama.

Hukumu yangu ni kwamba mhusika mwenye haja ya kweli mara nyingi hana sababu ya kuuangamiza msitu. Wakimbizi hawana mali, magoblini hawana adabu ya kutimiza ahadi, na kuna kazi na zawadi nyingi zaidi upande wa pili. Mwovu mwerevu huwaokoa wakimbizi, akapokea shukrani zao, akakusanya sifa atakazozitumia mjini. Lakini kama umeunda mtu anayetaka kukubaliwa na wenye nguvu, au mfuasi wa Absolute, yule mungu ambaye jeshi la magoblini linamtumikia, anayeamini anachokifanya, basi fungua lango na usigeuke nyuma. Dada mmoja kutoka Shela alifanya hivyo katika safari yake ya pili. Alipomaliza vita aliliweka padi chini, akamzungusha mhusika wake polepole katikati ya msitu, akitazama waliolala chini mmoja baada ya mwingine, na kuwataja majina, kwa kuwa katika safari ya kwanza aliwaokoa wote. Chumba kizima kilikuwa kimya, sauti pekee ikiwa ya punda aliyekuwa akilia kichochoroni. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa ushindi wowote. Ndiyo maana huwa nashauri safari ya uovu iwe ya pili, usiifanye ya kwanza, kwani hutahisi uzito wa ulichokivunja kama hukukijua kikiwa kizima.

Je, nimchukue yule mhusika aliyeandaliwa, Dark Urge?

Mchukue ikiwa unataka gemu ikusaidie kusimulia. Mhusika huyu hana kumbukumbu na ana shauku ya damu asiyoielewa, na mojawapo ya usiku za mwanzo Alfira, mwimbaji wa wakimbizi, huja kambini, nawe huamka asubuhi na kukuta mikono yako imelowa. Hukuombwa ruhusa. Baada ya hapo huja mtumishi mdogo wa kutisha, Sceleritas Fel, kukupongeza na kukuletea joho.

Uzuri wake ni kwamba kila jambo linalofuata unaweza kulikubali au kulipinga. Wengi wamesema kwamba Dark Urge anayepigana na nafsi yake ndiye mhusika bora wa gemu nzima, nami nakubaliana nao, ingawa nina pingamizi moja: uovu wake umetoka nje yake. Kwa anayetaka kujifunza kuunda mtu mwovu kwa mikono yake mwenyewe, ni afadhali aanze na ukurasa mtupu.

Wenzangu wa safari wananikasirikia na kuondoka. Nifanyeje?

Panga nani utasafiri naye kabla ya kupanga utatenda nini. Katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009, ukiyanajisi majivu matakatifu mbele ya Wynne, atakugeuzia silaha pale pale, na Leliana vivyo hivyo isipokuwa kama umekwisha kumbadilisha moyo; wachezaji wengi wamewapoteza wote wawili kwa dakika moja kwa sababu waliwabeba safarini bila kufikiri. Waache kambini, au tembea na wale ambao uovu wako hauwashtui. Katika gemu za zamani za Baldur's Gate kuna hesabu ya sifa ya kikundi inayofika 20, na huko hata waovu huondoka: sifa yenu ikipanda mno kwa wema, akina Edwin na Korgan hunung'unika na mwishowe hukuacha. Kwa hiyo wewe mwovu unalazimika kuwatunza waovu wenzako kwa kutenda ubaya wa kutosha, jambo ambalo kwangu ni somo zuri la uongozi.

Gemu iliyolitazama suala hili kwa makini zaidi ni Tyranny ya Obsidian, ya mwaka 2016, ambamo vita vimekwisha na uovu umekwisha kushinda, nawe ni hakimu wa mtawala aliyeshinda. Humo kila mwenzi ana vipimo viwili kwako, utiifu na hofu, na hofu pia huzaa uwezo mpya vitani. Hakuna anayekuuliza kama wewe ni mwema. Unaulizwa sheria hii utaitekeleza vipi, juu ya nani, na kwa faida ya nani.

Sina mashine kubwa. Nianzie wapi?

Baldur's Gate 3 inahitaji nafasi ya GB 150 kwenye diski, na kwa mtu anayenunua bando la intaneti hilo ni jambo la kupangia bajeti; wengi wetu tumeinakili kutoka kwa mwenzetu aliyeishusha, kila mmoja akiwa amenunua nakala yake, tukaiacha mashine imalizie mabaki yaliyokosekana. Skyrim inakubali hata mashine za zamani. Baldur's Gate ya kwanza, ya mwaka 1998, inapatikana kwa simu katika toleo lililofanyiwa marekebisho, na mhusika wake mkuu ni mtoto wa mungu wa mauaji aliyekufa, hivyo mbegu ya uovu imo ndani yake tangu siku ya kwanza. Hifadhi mchezo mara kwa mara, umeme usije ukakatika kabla ya mazungumzo muhimu.

Kiingereza changu ni kidogo. Nitaweza?

Utaweza, lakini usicheze peke yako mwanzoni. Hakuna hata moja kati ya gemu hizi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na uovu wa maneno hupotea kabisa kwa asiyeyaelewa. Chumbani kwetu mmoja hushika padi na mwingine hufasiri kwa sauti. Tumegundua kwamba mfasiri mzuri huyapa majibu uzito ambao kwenye skrini hayana. Pale Kiingereza kinapotoa vitisho viwili vinavyofanana, yeye husema, "Hapa unamtisha kwa upole, na hapa unamtisha hadharani," na mshika padi huchagua akijua.

Nimpe mhusika wangu jina gani?

Jina la kubuni, au lakabu itokanayo na kazi yake. Usimpe jina la jirani, wala la mzee wa mtaa, wala la mtu uliyegombana naye. Mji wetu ni mdogo, na baraza zinasikia.

Je, kucheza mtu mwovu si dhambi?

Hukumu ya dini iko kwa wenye elimu yake, na anayetaka fatwa amwendee sheikh wake. Ninaloweza kusema ni tunavyofanya sisi. Wapo kati yetu wasiogusa kazi zinazomtaka mhusika aabudu mashetani, kama zile za wakuu wa Daedra katika Skyrim, na gemu inaruhusu kuziruka zote bila kuharibika. Mwenye kuziruka hachekwi. Hatuchezi wakati wa sala, na Ramadhani mashine hufunikwa kitambaa. Nami huyahesabu yanayotendwa kwenye skrini kama ninavyoyahesabu ya mwana wa Liyongo: hadithi ya ubaya inayosimuliwa na watu ambao hawautaki ubaya huo majumbani mwao.

Na watoto?

Hapana. Baldur's Gate 3 na Skyrim zote zimewekewa alama ya umri wa miaka 18 barani Ulaya, nasi mlangoni tunalifuata hilo.

Naweza kumgeuza mhusika awe mwema katikati ya safari?

Unaweza, na mara nyingine gemu inakungojea ufanye hivyo. Katika Skyrim, kijana mmoja wa Windhelm, Aventus Arentino, anawaita wauaji ili wamwue mlezi katili wa kituo cha mayatima mjini Riften. Ukiifanya kazi hiyo wewe, siku utakayolala utaamka katika kibanda kigeni, Astrid ameketi juu ya kabati akikutazama, na watu watatu wamefungwa vichwa kwa vitambaa chini yake. Anakutaka uchague mmoja umwue. Mwua mmoja nawe umeingia katika jamii ya wauaji. Mwua Astrid badala yake, na njia ya kuivunja jamii yote inafunguka. Nimeona watu wakisimama pale kwa dakika nyingi, silaha mkononi, wakimgeukia huyu na yule.

Na nikitaka abaki mwovu hadi mwisho, kuna mwisho unaostahili?

Sasa upo. Baldur's Gate 3 ilipotoka, mwisho wa uovu ulikuwa mfupi kiasi cha kuwavunja moyo waliokuwa wamevumilia saa mia moja wakiutafuta, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Toleo la marekebisho la 7, la Septemba 2024, liliongeza miisho mipya ya waovu, na ile ya Dark Urge imetengenezwa mahususi kwa ajili yake. Hifadhi faili tofauti kabla hujapanda juu ya ubongo mkuu, adui wa mwisho wa gemu, katika pambano la mwisho, kwa kuwa maamuzi yote makubwa yamekusanyika katika mazungumzo ya dakika chache baada ya hapo. Kisha itoe ile karatasi yako ya siku ya kwanza, usome alichokuwa akikitaka mhusika wako, na uchague jibu linalompa hicho, hata kama kuna jingine linalong'aa zaidi.